Kitu Kiunoni mwa Nyambeki

Nyambeki hakuwa anakunywa chai, na katika nchi ambayo majani chai yanaanzia mlangoni kwa mtu na kwenda mpaka macho yachoke, hilo peke yake linatosha kukuletea maneno. Asubuhi soko zima la Merigi lina kikombe mkononi, na yeye ameketi kwenye kibanda chake cha nguo za watoto, midomo mikavu, akiwaambia watu kwamba chai inamsumbua tumbo. Kibanda chenyewe kilikuwa nyuma, mahali ambapo wateja hufika kwa kupotea njia. Hakukichagua kwa ajili ya biashara. Alikichagua kwa sababu ukikata kona tu uko kwenye choo cha soko.

Shida ilimwanzia alipomzaa Nyanchama, kitindamimba wake, kwa uchungu mrefu uliokaribia kumwua. Nyanchama sasa yuko sekondari, na mama yake bado anabeba sketi ya pili kwenye mkoba. Haja ndogo haikuwa inampigia hodi. Akisikia mfereji unafunguliwa, au akishika tu kitasa cha mlango wa nyumbani kwake, basi, imeshashuka. Alipewa mazoezi akayafanya. Alipewa vidonge, vikamkausha mdomo na kumwachia kibofu kilekile. Mwishowe akajitungia dawa yake mwenyewe, na dawa hiyo ilikuwa kutokunywa kitu chochote kabla ya kwenda mahali popote.

Dawa hiyo ilimsaidia yeye na kumharibia mtu mwingine. Mtu huyo ni mama mkwe wake.

Nyabate alikuwa mjane anayeishi peke yake kule Fort Ternan, karibu na reli, kwenye shamba ambalo marehemu mume wake alilinunua walipohama kutoka Kisii. Alikuwa mwanamke mkali, msafi, wa kupiga sakafu yake rangi nyekundu na kuing'arisha mpaka mgeni anaogopa kukanyaga. Chai yake ilikuwa nzito, ya maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Na kila mwaka, Sagini alipompeleka mke wake huko, Nyabate alimimina, na Nyambeki akakataa. Alikataa chai, alikataa uji, alikataa hata maji. Tumbo gani hilo linalokataa maji? Nyabate akaanza kukionja kikombe kwanza mbele ya wageni, kusudi waone hakuna kitu, ndipo amkabidhi. Nyambeki bado alikataa, macho yake yakiwa mlangoni.

Watu si vipofu. Kama mke wa mtoto wake mwenyewe hathubutu kunywa kwake, kuna nini kwenye kile kikombe? Wakaanza kina mama wa kanisa, wakipita wanasimama nje ya lango na kusema wana haraka. Halafu majirani. Kwa watu wao, Wakisii, mama mzee akishatiliwa shaka namna hiyo, jambo si la kuchezea. Kuna waliochomewa nyumba kwa maneno mepesi kuliko hayo. Nyambeki alilijua hilo. Sagini pia alilijua, na yeye alijua na ukweli wote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akianika magodoro. Walinyamaza wote wawili. Mimi siwatetei.

Basi mwaka huu ikaja habari kwamba hospitali moja mjini Kericho imepokea madaktari wanaotibu kibofu kwa kuweka kifaa cha umeme mwilini. Nyambeki akaenda. Daktari aliyemwona, Kipngeno, kijana mpole wa kutoka upande wa Litein, alimweleza polepole. Kuna mishipa ya fahamu inayotoka chini ya uti wa mgongo na kuzungumza na kibofu. Yake ilikuwa inapiga kelele ovyo. Kifaa kidogo, ukubwa wa kiberiti, huzikwa chini ya ngozi juu ya tako, na waya wake hukaa kando ya ule mshipa na kuutuliza. Lakini kwanza watu hujaribiwa. Waya mwembamba unaingizwa kwa sindano, betri inafungwa nje kiunoni kwa mkanda, na mgonjwa anarudi kwake kuishi kama kawaida. Shida ikipungua nusu au zaidi, anawekewa cha kudumu. Isipopungua, waya unatolewa na hakuna kingine cha kumpa.

Sagini aliuliza maswali kuliko mgonjwa. Yeye ni dereva wa lori la kukusanya majani chai, na ameona radi za milima hii zikiua ng'ombe watatu kwa pigo moja, kwa hiyo alitaka kujua kama hiyo betri haitaita radi. Daktari alisema hapana, bila kucheka. Nyambeki yeye aliogopa mengine. Aliogopa chuma kukaa ndani yake mpaka azeeke. Betri itakwisha baada ya miaka, apasuliwe tena, na nani atakuwepo wa kumpasua? Alikubali kujaribu tu. La kudumu alisema atalifikiria, na alivyolisema, Sagini alijua amekwisha kulikataa nusu.

Walimlaza kifudifudi. Sindano ilipofika mahali pake, kidole gumba cha mguu kilicheza chenyewe, naye akahisi ndani, chini kabisa, kitu kinachogonga taratibu kama simu iliyowekwa mtetemo. Akarudi Merigi na kile kisanduku kiunoni, ameonywa asiiname wala asiinue mzigo, na kwamba waya ukivutwa utatoka, kwa maana umeshikwa na plasta tu.

Siku za kwanza alikuwa mkavu. Alifurahi sana. Nesi Chepchirchir alipompigia simu Jumamosi, Nyambeki alimpa habari hizo kwa sauti ya mtu aliyeshinda mtihani. Nesi akamwuliza amekunywa nini tangu aondoke hospitali, na Nyambeki akakiri ni maji ya kulowesha ulimi tu.

"Mama Nyanchama," nesi akasema, "kama hunywi, sisi tutajuaje ni hii waya inafanya kazi, ama ni kiu? Kunywa kama watu. Na usijifungie kwa nyumba. Enda pale unaogopanga kwenda, unywe huko, ukae. Jumanne daktari atakuuliza, na wenye wanangoja ni wengi."

Nyambeki alikaa na simu mkononi. Pale alipokuwa akiogopa kwenda palikuwa mahali pamoja tu, wala hapakuhitaji kufikiriwa.

Jumapili baada ya ibada Sagini aliazima pikapu ya rafiki yake wakateremka Fort Ternan. Kabla ya kutoka Nyambeki alikuwa amekunywa maji, akiwa amesimama jikoni kwa hofu, na maji yalikuwa yanangoja ndani yake. Aliposhuka langoni alisimama kidogo. Lango ndilo lilikuwa adui yake kila mara. Aliweka mkono juu ya komeo akangoja. Ile haja ilikuja, naam, ilikuja, lakini ilikuja kama mtu mwenye adabu, ikasema iko pale, ikakaa. Akafungua lango akaingia.

Ndani alimkuta Mongina, kiongozi wa kina mama kanisani, ambaye alikuwa amepita kuchukua mchango wa mazishi na sasa alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti kama mtu wa haraka. Nyabate akaleta birika. Hakutazama mtu. Alimimina, akainua kikombe cha mke wa mtoto wake, akaonja mbele ya Mongina kama kawaida yake, na kukinyoosha mbele, mkono ukiwa tayari kukirudisha.

Nyambeki akakipokea, akanywa.

Nyabate alibaki ameshika birika. Nyambeki alikunywa mpaka sukari ya chini, akasema chai ni nzuri, na akaomba kingine. Yule mama mzee akamimina huku akimtazama yeye, chai ikaenda kwenye sahani. Cha pili nacho kikashuka. Nyambeki alingoja adhabu, lakini adhabu haikuja. Kulikuwa na yale mapigo madogo tu, taratibu, chini. Akajikuta anatazama kuta. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuona kwamba kuna picha ya arusi ya Sagini na yeye pale juu ya redio, kwa sababu hakuwahi kutazama kitu kingine humo zaidi ya mlango. Wakaanza kuongea, juu ya mahindi, juu ya Nyanchama na hesabu zake. Nyabate akacheka. Sagini aliuma mdomo wa chini kwa nguvu, mwanaume mzima, ili asilie.

Hapo ndipo Nyambeki aliponyoosha mkono kuchukua mkate. Blauzi ikapanda.

Mongina aliona. Aliona mkanda umefungwa kwenye ngozi yenyewe, na kijisanduku, na kamba nyembamba inayotoka humo na kupotelea nyuma ndani ya sketi. Aliweka kikombe chini, akakumbuka kwamba ameacha kuku nje, akaaga. Nyabate alimsindikiza mpaka mlangoni. Pale mlangoni Mongina alisema maneno machache kwa Kikisii, kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha. Alisema sasa ameelewa kwa nini leo mke wa Sagini amekunywa. Amekuja amefungwa dawa. Amekwenda kwa mganga akajikinga kwanza, ndipo akathubutu kuingia humu.

Nyabate alirudi akasimama mbele ya mke wa mtoto wake. Kicheko chote kilikuwa kimemtoka usoni.

"Inua nguo," alisema. "Nione hiyo kitu."

Nyambeki angeweza kusema. Maneno alikuwa nayo, ya Kiswahili, ya Kikisii, hata yale ya daktari. Lakini watu hawa wana kitu wanaita chinsoni, ile aibu inayokaa kati ya mtu na wazazi wa mwenzake kama ukuta, na mambo ya mwili chini ya kiuno hayavushwi ukuta huo. Hutamkuta mke wa mtu akimtajia mama mkwe mkojo. Alifungua mdomo akasema ni dawa ya hospitali, mgongo unamsumbua. Alisema vibaya, macho chini, na uongo ulisikika kama uongo. Nyabate akamgeukia mtoto wake. Sagini alitazama viatu vyake.

"Dawa ya kunikinga mimi," Nyabate akasema. "Mimi niliyekupikia uji wa uzazi. Umeenda kwa mganga, umelipa, ndio uweze kunywa chai yangu."

Na kabla hawajajua, mkono wake mkavu ulikuwa umeshakishika kile kisanduku na kukivuta.

Kilitoka na plasta, na waya wote nyuma yake, mwembamba, na damu kidogo kwenye ncha. Nyambeki hakusikia uchungu mkubwa. Alichosikia ni kwamba yale mapigo yamekoma. Alisimama haraka. Alijua ana muda kidogo, akakimbilia mlango, akafika, akashika kitasa.

Vikombe viwili vya chai na maji ya asubuhi. Vilishuka vyote palepale, juu ya ile sakafu nyekundu inayong'aa, vikaenda mpaka miguuni kwa Nyabate, aliyekuwa bado ameshika kisanduku mkononi.

Nyambeki alibaki amewapa mgongo. Alipozungumza, alizungumza na mlango.

"Ni hiyo tu, Mama. Hakuna mganga. Tangu Nyanchama. Ndio maana sikuwa nakunywa."

Hapo sasa, wakati haina faida tena, Sagini akapata ulimi na kueleza yote, daktari, waya, betri, miaka yote. Nyabate alimsikiliza. Alikitazama kisanduku, kilikuwa na kijitaa cha kijani bado kinawaka, akakiweka mezani kwa uangalifu kama yai. Kisha akaketi. Nyambeki alingoja pole, au matusi, na alikuwa tayari kwa vyote viwili. Hakuwa tayari kwa alichosikia.

"Kwa hiyo mliona afadhali mimi niitwe mchawi."

Hakupandisha sauti. Na ndivyo walivyoona, mwaka baada ya mwaka, na Nyambeki alipolisikia jambo hilo limesemwa waziwazi aliona haya kubwa kuliko ile iliyokuwa inakauka miguuni mwake.

Nesi Chepchirchir alipopigiwa simu alisema walete kila kitu, waje kesho asubuhi, wasingoje Jumanne. Wakalala palepale. Maneno ya Mongina yalikuwa yametangulia. Usiku mtu alirusha jiwe juu ya mabati, na asubuhi watoto waliozoea kuchota maji kwenye tangi la Nyabate hawakuja. Ng'ombe alikamuliwa na maziwa yakakosa mnunuzi. Walipokuwa wanawasha pikapu, Nyabate alitoka amevaa kanzu yake ya kanisa, kisanduku kimefungwa ndani ya leso, akapanda na kuketi katikati yao bila kuuliza kama ameitwa.

Daktari Kipngeno aliutazama ule waya, akautazama mgongo wa Nyambeki, akapaka dawa. Halafu akasema habari ambazo Nyambeki alikuwa anazijua. Jaribio limevunjika. Siku za kwanza hazihesabiki kwa sababu hakunywa, na siku ya kunywa, waya umetoka. Angetaka kumwekea mwingine aanze upya, lakini wenzake wageni wanaondoka wiki hii, na vifaa vilivyobaki havitoshi foleni. Hawezi kumpa mtu kifaa bila kujua kama kinamfaa. Je, kuna chochote anachoweza kumwambia cha hiyo Jumapili?

Nyambeki alianza kujieleza akaacha katikati. Alielewa wakati ule kwamba anakitaka. Alikuwa amekuja mara ya kwanza na hofu ya chuma na hofu ya betri, na hofu hizo bado zilikuwepo, lakini jana kwa muda wa vikombe viwili alisahau mlango uko wapi. Mtu akishasahau hivyo mara moja hawezi tena kuambiwa arudi akae.

"Mimi niliona," Nyabate akasema kutoka kwenye kiti cha pembeni.

Daktari akamgeukia, akamwuliza ameona nini, mama.

"Alikunywa kwangu. Vikombe viwili, ile kubwa. Akakaa, akaongea, akacheka, na hakuinuka. Nimemjua huyu tangu aolewe na sijawahi kumwona amekaa." Akakionyesha kisanduku kwa kidole. "Halafu hiyo kitu ikatolewa, na palepale ikamshinda. Hata hakufika nje."

"Ilitolewa na nani?"

"Na mimi. Kwa hii mkono. Nilidhani ni mambo ya mganga."

Daktari hakucheka, na kwa hilo mimi namheshimu. Aliuliza mara mbili tatu juu ya muda na juu ya ukubwa wa vikombe, akatoka kuzungumza na wenzake, akarudi. Alisema hajawahi kupata ushahidi wa namna hiyo, lakini ni ushahidi: waya ukiwepo amekaa, waya ukitoka hakuweza. Akamweleza Nyambeki tena mabaya yote, kidonda kinaweza kutunga usaha, waya unaweza kusogea, betri itabadilishwa, na kuna mashine za picha ambazo hataingizwa bila kusema kwanza ana nini mwilini. Akamwuliza kama anataka.

"Nataka," Nyambeki akasema.

Angepasuliwa kesho yake. Walitoka nje wakangoja kitanda, kwenye ukumbi ambao benchi zake zilikuwa zimejaa watu kutoka pande zote, wengine kutoka kule kule chini kwa Nyabate. Nyambeki alitaka kushukuru. Alimshika mama mkwe wake mkono, na yule mama akauondoa.

"Mimi nimesema yako kwa daktari," Nyabate akasema. "Wewe yangu utasema lini? Nikirudi leo, narudi kwa ile mawe."

Nyambeki akamtazama Sagini. Sagini akasema labda wangoje apone kwanza, mambo yatulie, atazungumza na mchungaji. Alisema kwa upole, kama alivyosema kila mara. Na Nyambeki, ambaye alikuwa amesikiliza upole huo miaka yote na kujificha ndani yake, alinyoosha mkono akamwomba simu. Alitafuta jina la Mongina, akapiga, na ilipopokelewa akafumba macho.

"Dada Mongina, ni mimi, Nyambeki. Ile kitu uliona kwa kiuno yangu si ya mganga. Ni ya hospitali. Ni ya mkojo."

"Sema kwa nguvu," Nyabate akamwambia. "Sikio lake moja halisikii."

Nyambeki akafumbua macho. Benchi nzima ilikuwa inamtazama.

"Mimi hujikojolea, dada," akasema, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Tangu nizae Nyanchama. Ndio maana sikuwa nakunywa kwa Mama. Chai yake haina kitu. Na wewe uende uwaambie wote, vile ulienda ukawaambia ile ingine."